Kipande cha Karatasi: Maandishi na Majina katika Vita vya 1914–1918

Vita Vikuu vya kwanza vimeandikiwa vitabu vingi kuliko pengine vita vyovyote vilivyovitangulia. Sehemu kubwa ya maandishi hayo hujishughulisha na maswali mawili: ni nani aliyevianzisha, na ni watu wangapi waliokufa. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, aghalabu hujibiwa kana kwamba hati zinazotoa majibu ni vioo tu vya kuonea yaliyotukia. Makala haya yanazichukua hati zenyewe kuwa sehemu ya matukio. Yanashikilia kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa, pamoja na mambo mengine, vita vya karatasi: vilifikiwa kwa karatasi, vikaendeshwa kwa karatasi, na waliokufa wakakumbukwa au wakasahauliwa kwa kadiri ya karatasi iliyobeba majina yao. Mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa lugha gani, ana la kuchangia katika uwanja huu ambao mara nyingi huachiwa mwanahistoria peke yake.

Julai 1914

Hapana shaka kwamba vita hivi vilikuwa na mizizi mirefu. Austria-Hungaria ilikuwa imeinyakua Bosnia rasmi mwaka 1908, na Serbia ikabaki na kinyongo. Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikishindana kuunda manowari tangu 1898. Mikataba ya kusaidiana ilikuwa imeligawa bara la Ulaya katika kambi mbili: Ujerumani na Austria-Hungaria upande mmoja (1879), Ufaransa na Urusi upande wa pili (1894), huku Uingereza ikiisogelea kambi hii ya pili kwa mapatano ya 1904 na 1907. Nyuma ya hayo yote palikuwa na uchu wa makoloni na masoko, jambo ambalo msomaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa. Lakini mizizi hiyo ilikuwepo pia mwaka 1905, 1908 na 1911, na kila mara mgogoro ulipozuka ulitulizwa mezani. Swali gumu ni kwa nini mwaka 1914 meza ilishindwa.

Tarehe 28 Juni mwaka huo, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Mwezi mzima ulipita bila mzinga kulia. Katika mwezi huo silaha iliyotumika ilikuwa kalamu. Tarehe 5 Julai Kaiser Wilhelm II aliiahidi Vienna kwamba Ujerumani ingeiunga mkono kwa vyovyote. Wanahistoria wamezoea kuifananisha ahadi hiyo na hundi iliyotiwa sahihi bila kuandikwa kiasi. Tarehe 23 Julai Austria-Hungaria iliikabidhi Serbia barua yenye madai kumi na makataa ya saa 48. Waliotunga barua hiyo hawakuitunga ili ikubaliwe. Hii ni nukta ambayo mhakiki hapaswi kuipita haraka: ni matini yenye adabu zote za kidiplomasia, yenye umbo la dai linalongojea jibu, ambayo ufanisi wake ulitegemea kukataliwa kwake.

Jibu la Serbia lilikuwa kazi ya ustadi wa aina nyingine. Lilikubali madai mengi, likayazungusha mengine kwa maneno, na kulikataa waziwazi moja tu, yaani maofisa wa Austria kushiriki katika uchunguzi ndani ya Serbia. Waziri mkuu Nikola Pašić alilipeleka mwenyewe jioni ya tarehe 25, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Mashine ya chapa ilikuwa imeharibika, na nakala iliyokabidhiwa ilikuwa ya mkono, yenye maneno yaliyofutwa na kusahihishwa. Balozi wa Austria, Wladimir Giesl, aliipitisha macho, akatoa barua ya kuvunja uhusiano iliyokuwa imekwisha kutayarishwa, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa ndani ya treni. Yamkini hakuna hati muhimu katika karne ile iliyosomwa kwa haraka kama hiyo. Kaiser, alipoisoma kwa utulivu asubuhi ya tarehe 28, aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba sasa sababu yote ya vita imeondoka. Siku hiyo hiyo Vienna ilitangaza vita kwa telegramu iliyotumwa Niš, ambako serikali ya Serbia ilikuwa imehamia.

Kuanzia hapo matini zilianza kuwashinda mbio watunzi wake. Kaiser na mfalme wa Urusi, Nicholas II, waliokuwa na udugu, waliandikiana telegramu kwa Kiingereza, wakitumia majina ya utotoni, Willy na Nicky, kila mmoja akimsihi mwenzake azuie majeshi. Usiku wa tarehe 29 Nicholas aliitangua amri ya kuyakusanya majeshi yote ya Urusi wakati ambapo ilikuwa karibu kutumwa kutoka ofisi kuu ya telegramu. Kesho yake alishawishiwa kuitoa tena, na safari hii ikatumwa. Tarehe 1 Agosti Kaiser alimtaka mkuu wa majeshi yake, Helmuth von Moltke, ayaelekeze majeshi mashariki tu na kuiacha Ufaransa. Moltke alijibu kwamba haiwezekani, kwani mpango wa kusafirisha watu zaidi ya milioni moja haubuniwi kwa siku moja. A.J.P. Taylor, katika kitabu chake cha 1969, aliviita vita hivi vita vya ratiba ya reli. Kauli hiyo imetiwa chumvi kidogo, kwa kuwa ratiba hujitungi yenyewe na waliotunga hii walikuwa na majina na vyeo. Lakini inaonyesha vyema jinsi karatasi ya jana ilivyoweza kumfunga mikono mtu wa leo.

Kisa kimoja cha siku hiyo hiyo kinatosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Balozi wa Ujerumani mjini St. Petersburg, Friedrich von Pourtalès, alikwenda kumkabidhi waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Sergei Sazonov, tangazo la vita. Berlin ilikuwa imemletea maneno ya namna mbili: ya kutumiwa iwapo Urusi ingekataa kurudi nyuma, na ya kutumiwa iwapo isingejibu lolote. Pourtalès, akiwa katika fadhaa na akitokwa na machozi, alitoa hati iliyokuwa na yote mawili. Dola mbili kubwa ziliingia vitani kwa karatasi ambayo haikuwa imeamua sababu ya vita ni ipi.

Tarehe 4 Agosti Kansela wa Ujerumani, Theobald von Bethmann Hollweg, alimwambia balozi wa Uingereza, Edward Goschen, kwamba Uingereza ilikuwa inaingia vitani kwa ajili ya kipande cha karatasi. Alikuwa na maana ya mkataba wa 1839 ambao ulihakikisha kwamba Ubelgiji haitaingiliwa. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamevuka mpaka wa Ubelgiji asubuhi hiyo. Maneno hayo yanajulikana kupitia ripoti ambayo Goschen aliiandika siku chache baadaye, na Bethmann mwenyewe alilalamika kwamba yalipotoshwa. Hilo halikuzuia kitu. Waingereza walichapisha mabango ya kuandikisha askari yakionyesha sahihi na mihuri ya mkataba wenyewe. Kipande cha karatasi kilichodharauliwa kikageuzwa kuwa jambo la kufia.

Kisha ikaja kazi ya kujitetea. Katika siku za mwanzo za Agosti Ujerumani ilitoa mkusanyiko wa nyaraka zake uliojulikana kama Kitabu Cheupe, na Uingereza ikatoa Kitabu cha Buluu. Urusi ilifuata na kitabu cha rangi ya machungwa, Ubelgiji cha kijivu, Ufaransa cha manjano, na Austria-Hungaria, mwaka 1915, chekundu. Rangi zilikuwa nyingi kuliko ukweli. Hati zilichaguliwa, zikafupishwa, na katika kitabu cha Wafaransa telegramu ya kutoka St. Petersburg kuhusu kukusanywa kwa majeshi ya Urusi ilibadilishwa kwa matini iliyotungwa Paris. Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, kilikusudiwa kuufunga mjadala kwa kuitwika Ujerumani na washirika wake dhamana. Badala yake kiliufungua. Fritz Fischer, mwaka 1961, aliwakasirisha Wajerumani wenzake kwa kuonyesha kutoka katika nyaraka zao wenyewe jinsi viongozi wa Berlin walivyoitamani nafasi ya kujitanua. Christopher Clark, mwaka 2012, alisambaza lawama katika miji mikuu yote na kuwafananisha wakuu wa wakati ule na watu wanaotembea usingizini. Taswira hiyo inavutia, lakini ina kasoro: anayetembea usingizini haandiki makataa ya saa 48.

Sauti ya fomu

Ubelgiji ndiyo iliyoonja kwanza. Katika wiki za Agosti na Septemba 1914 majeshi ya Ujerumani yaliua raia zaidi ya 6,000 katika Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa kwa tuhuma, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa za kubuni, kwamba raia walikuwa wakiwapiga risasi kwa kujificha. Mjini Leuven, kuanzia tarehe 25 Agosti, raia 248 waliuawa na maktaba ya chuo kikuu ikateketezwa pamoja na vitabu na miswada yake ya karne nyingi. Mwezi Oktoba wasomi na wasanii 93 wa Ujerumani, akiwemo mwandishi wa tamthilia Gerhart Hauptmann na mwanafizikia Max Planck, walitia sahihi waraka wa kukana kwamba hayo yalitendeka. Waandishi wa Uingereza nao walikuwa wamekwisha kuitwa mwezi Septemba katika jumba la Wellington House, London, kupangiwa kazi ya propaganda. Fasihi iliandikishwa jeshini mapema kuliko vijana wengi.

Idadi ya waliokufa inajulikana na kila mwanafunzi: wanajeshi kati ya milioni 9 na 10, mbali na mamilioni ya raia waliokufa kwa njaa, maradhi na mauaji, wakiwemo Waarmenia waliofukuzwa na kuchinjwa katika dola ya Uturuki kuanzia 1915. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, na 19,240 kati yao walikufa. Hesabu kama hizi zina hatari yake. Zinapozidi kiasi, akili huzipokea kama inavyopokea umbali wa nyota. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza mtu mmoja mmoja aliyekuwa ndani ya hesabu hiyo aliruhusiwa kusema nini.

Askari wa Uingereza aliyetaka kuwajulisha watu wake kwamba angali hai alipewa postikadi iliyokwisha kuchapishwa. Ilikuwa na sentensi chache zilizopangwa mstari baada ya mstari: kwamba hajambo, kwamba amelazwa hospitalini, kwa ugonjwa au kwa jeraha, kwamba barua, telegramu au furushi limemfikia, kwamba hajapata barua kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kukata kwa kalamu yasiyomhusu, kisha kutia sahihi na tarehe. Kadi yenyewe ilimwonya kwamba akiongeza neno lolote itaharibiwa. Paul Fussell, katika uchunguzi wake wa 1975 juu ya vita hivi na kumbukumbu yake, aliitazama kadi hiyo kwa makini, na ni sawa alivyofanya, kwa kuwa pengine ndiyo matini ya vita hivi iliyokuwa na waandishi wengi kuliko zote. Katika kadi hiyo askari hutunga kwa kufuta. Hakuna mstari wa aliyeogopa. Hakuna wa aliyeshuhudia mwenzake akizama katika tope. Anayekufa hana cha kukata wala cha kuacha.

Barua za kawaida zilikuwepo, na kwa mamilioni, lakini za askari wa kawaida zilisomwa kwanza na ofisa wake. Kwa upande wa Ujerumani tatizo lilikuwa la kinyume: serikali iliogopa barua zinazotoka nyumbani. Uingereza ilikuwa imeizingira Ujerumani kwa manowari, na katika majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 viazi vilipokosekana watu wa mijini walikula mizizi iliyozoeleka kulishwa mifugo. Wanawake waliwaandikia waume zao juu ya njaa ya watoto. Wakuu waliziita barua hizo barua za maombolezo, na wakafanya kampeni ya kuwataka wanawake waache kuziandika, eti zinawavunja moyo wapiganaji. Ni nadra serikali kukiri kwa uwazi namna hiyo nguvu ya maandishi ya mwanamke asiye na cheo.

Hata habari za kifo zilifuata tabaka. Nchini Uingereza familia ya ofisa ilipelekewa telegramu. Familia ya askari wa kawaida ilipata fomu kwa posta, yenye nafasi za kujaza namba, cheo, jina na mahali. Mshairi Wilfred Owen, aliyekuwa ofisa, aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre-Oise karibu na kijiji cha Ors. Telegramu ilimfikia mama yake mjini Shrewsbury tarehe 11, kengele za amani zikipigwa.

Dhidi ya fomu hizi ndipo riwaya ya vita inapopata maana yake. Henri Barbusse alichapisha Le Feu mwaka 1916, vita vikiendelea, akiwapa askari wa Ufaransa lugha yao ya mahandaki badala ya lugha ya magazeti. Erich Maria Remarque alifuata mwaka 1929. Jina la riwaya yake, Im Westen nichts Neues, lina maana kwamba upande wa magharibi hakuna jipya, nalo limechukuliwa kutoka katika mtindo wa taarifa za kila siku za makao makuu. Shujaa wake kijana anakufa siku ambayo taarifa haikuwa na la kusema. Wahakiki kadhaa wameilaumu riwaya hiyo kwa hisia nyepesi, na kuna kurasa zinazostahili lawama hiyo, lakini muundo wa mwisho wake ni hoja ya kihistoria: kwamba kuna kifo ambacho fomu haina nafasi ya kukiandika. Wanazi walielewa hoja hiyo vizuri. Mwezi Mei 1933 riwaya hiyo ilikuwa miongoni mwa vitabu walivyovitia moto.

Herufi 66

Kabla ya vita hivi askari wa kawaida wa Ulaya alizikwa kwa kawaida katika shimo la pamoja, na mnara ukajengwa kwa jina la jemadari. Mabadiliko yalikuja kwa wingi wenyewe wa maiti. Tarehe 21 Mei 1917 Uingereza iliunda Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, kwa juhudi za Fabian Ware. Mwaka 1918 Frederic Kenyon, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Uingereza, aliiandikia Tume hiyo ripoti iliyoweka misingi: mawe ya makaburi yawe ya namna moja, ofisa na askari walale sawa, na asiyejulikana kaburi lake aandikwe jina katika mnara. Familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake chini ya jiwe, yasiyozidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Wazazi, wajane na ndugu walijaribu kuyatia maisha ya mtu katika kiasi hicho. Baadhi ya maneno hayo ni ya kawaida sana, kama yalivyo maneno ya msibani popote, na baadhi yanachoma kuliko mashairi mengi ya wakati ule.

Aliyechaguliwa kuitungia Tume maneno yake rasmi alikuwa Rudyard Kipling. Mwanawe, John, alikuwa na macho mabovu na alikataliwa jeshini. Baba alitumia jina lake kumpatia nafasi ya uofisa. John alitoweka katika mapigano ya Loos mwezi Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Kipling alimtafuta kwa miaka mingi na akafariki mwaka 1936 bila kujua alikolala. Ndiye aliyetoa maneno yanayosomeka juu ya makaburi ya wasiojulikana. Kwa hiyo mtu aliyeusifu ufalme wa Uingereza kuliko mwandishi yeyote ndiye aliyepaswa kutafuta lugha ya wale ambao ufalme huo haukuweza kuwataja. Langoni Menin, Ypres, lililofunguliwa mwaka 1927, yamechongwa majina zaidi ya 54,000. Kwenye mnara wa Thiepval, wa mwaka 1932, zaidi ya 72,000. Karibu na Verdun, huko Douaumont, imehifadhiwa mifupa ya Wafaransa na Wajerumani wapatao 130,000, isiyoweza kutenganishwa.

Kwa Wajerumani walioshindwa kumbukumbu ilikuwa jambo la faragha zaidi. Peter, mwana wa mchongaji Käthe Kollwitz, aliuawa nchini Ubelgiji mwezi Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Umri wake ulihitaji ridhaa ya baba ili ajiandikishe. Baba alisita, na mama ndiye aliyemwombea. Kollwitz alihangaika na sanamu ya ukumbusho kwa takriban miaka 18. Ilipowekwa makaburini mwaka 1932 haikuwa na kijana ndani yake. Ni baba na mama waliopiga magoti, kila mmoja peke yake.

Kipande shingoni

Kanuni ya Kenyon, kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina na wote watajwe sawa, ilikuwa mojawapo ya mambo machache ya heshima yaliyozaliwa na vita hivi. Haina budi basi kupimwa pale ilipotakiwa kuvuka bahari, kwa sababu vita vilivuka. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuipiga mizinga Dar es Salaam, na mapigano ya Afrika Mashariki hayakwisha hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn. Katika nchi isiyo na reli za kutosha na yenye mbung'o walioua wanyama wa mizigo, jeshi lilitembea juu ya vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi kwa nguvu. Katika Kenya sheria ya 1915 ilihalalisha jambo hilo, na mwaka 1917 msako ukawa mkubwa zaidi. Wachache walikufa kwa risasi. Waliobaki walikufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na unga uliopikwa nusu. Hesabu rasmi ilikuwa ya zaidi ya 40,000; makadirio ya baadaye yanakaribia 100,000 kwa upande wa Waingereza pekee. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanatokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho.

Si kweli kwamba watu hawa hawakuandikwa. Idara ya wapagazi chini ya Oscar Watkins iliwaandikisha, ikawapa namba na kuweka hesabu ya mishahara. Baada ya vita mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila kulipwa kwa kisingizio kwamba warithi hawapatikani, na serikali ya Uingereza ikakataa kuitoa fedha hiyo kwa manufaa ya watu wao. Karatasi iliyotosha kumpata mtu kijijini ili abebe mzigo haikutosha kumpata mjane wake. Wakati huo huo sheria nyingine ya 1915, ya kuwaandikisha Waafrika wanaume, ilianza kutekelezwa Kenya vita vilipokwisha. Kila mmoja alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Watu wakaiita kipande. Kiswahili hakikukusudia kumjibu Bethmann Hollweg, lakini neno ni lile lile: huko Berlin kilikuwa kipande cha karatasi ambacho dola kubwa ingeweza kukipuuza, hapa kilikuwa ambacho mtu hakuweza kutoka bila hicho.

Aliyekuwa na kalamu aliweza kuacha habari zake. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Zanzibar, alifungwa na Wajerumani wakati wa vita, akakombolewa Tabora Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916, na simulizi ya maisha yake ikatoka mwaka 1936 katika mkusanyo wa Margery Perham. Pwani ilikuwa na desturi ya kuandika vita kwa utenzi: Hemedi bin Abdallah alikuwa ameyaandika mapambano ya Mrima na Wajerumani, na Abdul Karim bin Jamaliddini vita vya Maji Maji. Baadaye Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu. Wapagazi walio wengi walitoka bara, nje ya desturi hiyo na nje ya shule. Kumbukumbu yao ilikaa katika nyimbo na mazungumzo ya wazee, na mpaka mwanahistoria Geoffrey Hodges alipowahoji baadhi yao waliokuwa hai bado, miaka ya sabini ilikuwa imekaribia.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata sanamu tatu, mojawapo ya mpagazi, zikasimamishwa Nairobi. Zote ni kazi ya James Alexander Stevenson. Maandishi yaliyo chini yake, yakiwemo ya Kiswahili na Kiarabu, yanahusishwa na Kipling, na yanamwahidi anayekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa hapo. Kumbukumbu za namna hii, zenye kumtaja kila mtu kwa kutomtaja yeyote, ndizo zilizochaguliwa kwa Waafrika kwa hoja kwamba makaburi na majina hayangekuwa na maana kwao. Hoja hiyo ilitolewa na maofisa. Hapana mjane aliyeulizwa.

Aprili 2021 Tume hiyo ya makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ya kutafuta majina ilianza katika makabrasha yale yale ya utawala. Nchini Afrika Kusini madaftari ya jeshi yaliyoandikwa kwa mkono yalipatikana yakiwa na majina ya wafanyakazi Waafrika waliokufa katika vita vya barani humu, na mwezi Januari 2025 yalizinduliwa Cape Town makumbusho yenye majina 1,772, kila moja juu ya nguzo yake ya mti wa mvule.